Kusajili gari ulilojiundia California: anza na risiti

Haya ni ya mafundi wa uani wenzangu walioko California. Nimeyaandika baada ya kumsindikiza jamaa yangu na Cobra yake ya kujiundia, nakala ya lile gari la michezo la zamani. Majimbo mengine yana taratibu zao.

1. Hakikisha gari linaingia kundi hili. DMV, idara ya magari ya jimbo, huliita SPCNS: gari ulilounda kwa matumizi yako, si la kuuza. Ukifufua Mustang ya kiwandani, hii si njia yako.

2. Risiti. Hapa ndipo watu hukwama. Injini, giaboksi, chesisi na bodi: kila kimoja kiwe na karatasi yenye jina la muuzaji, jina lako, tarehe, bei na namba ya kifaa kama ipo. Ukinunua seti nzima ya vipuri, dai cheti cha asili kutoka kwa watengenezaji mapema.

Injini ya mtumba ndiyo yenye vituko. Ukiitoa kwenye yadi ya magari mabovu, risiti iandikwe namba ya chesisi ya gari ilikochomolewa. "Injini V8, dola 900" haitoshi, maana mkaguzi anataka kujua kwamba si ya wizi. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikianeni hati ya mauziano papo hapo na atie sahihi kabla hujafungua pochi, kwani baadaye atakuwa amehama au amebadilisha namba ya simu. Kodi ya mauzo nayo ionekane, la sivyo utailipa dirishani. Risiti za mashine hufifia, zitoe nakala siku hiyohiyo.

Picha za simu siziamini hata kidogo. Mimi ni mtu wa faili moja nene lenye vigawanyo, nakala mbilimbili. Wale wa "ipo kwenye barua pepe" huishia kupekua simu huku foleni ikinung'unika nyuma yao.

3. Nenda DMV na fomu REG 343 (maombi ya usajili), REG 5036 (maelezo ya uundaji) na faili lako, ulipe ada. Kisha omba cheti cha SB 100 kabla hujapimwa moshi. Vinatolewa 500 tu kwa mwaka, hesabu huanza upya Januari, anayewahi ndiye apataye. Bila hicho, moshi wa gari lako hupimwa kwa viwango vya mwaka unaosajili. Ukiwa nacho, unachagua mwaka wa bodi au wa injini. Bodi ya Cobra huhesabiwa ya 1965. Bodi isiyofanana na gari lolote la kiwandani huhesabiwa 1960. Kama injini yako ni ya juzijuzi, chagua bodi, tena bila kusitasita.

4. Refarii wa moshi, yaani mkaguzi wa BAR, ofisi ya jimbo ya matengenezo ya magari, kwa miadi. Nenda na cheti cha SB 100.

5. Ukaguzi wa usalama: breki, taa na kadhalika. Fundi yeyote makini atapita.

6. Askari wa barabara kuu, CHP, ndio wanaokagua gari na kulitolea namba ya chesisi ya jimbo. Faili tena! Gari lipeleke kwa trela. Kibali cha muda kipo, ila kutafuta bima ya gari lisilosajiliwa ni kujitafutia maumivu ya kichwa.

7. Rudi DMV uchukue namba zako. Zinafungwa mbele na nyuma, na pua ya Cobra haina mahali pa kuzishika, kwa hiyo toboa matundu ya kishikizo kabla ya kupiga rangi.