Ukikwama kwenye bari nane: namna ninavyoutoa wimbo wa dansi mahali ulipolala

Maprodyuza chipukizi wanaokuja kwangu hapa Zimmerman, Nairobi, wakilia kwamba wamekauka, wengi wao hawajakauka hata kidogo. Nikiwaambia wafungue kompyuta, nakuta lupu, vile vipande vifupi vya muziki vinavyojirudia, zimejaa, tamu kweli, na hakuna hata moja iliyofika dakika ya pili. Mawazo wanayo. Njia ya kutoka kwenye bari nane za kwanza ndiyo hawana, na nitakaa sana hapo kwa sababu hapo ndipo ninapoona nyimbo nzuri zikifia.

Hebu tupige hesabu. Bari moja ni midundo minne. Kwa kasi ya midundo 120 kwa dakika, bari nane ni sekunde 16. Ukiiacha lupu izunguke saa nzima huku ukihangaika na haihati, ule mlio wa visahani vya ngoma, umeisikia mara 225. Hakuna sikio lisilochoka hapo. Mwanzoni ilikutikisa mabega. Sasa unaiona haina maana, na lupu yenyewe haijabadilika hata nukta. Basi unaanza kuongeza: besi ya pili, sinthi (kinanda cha kielektroniki) ya tatu, makofi juu ya makofi. Lupu ya namna hiyo ni kama matatu ya saa kumi na mbili jioni, hata mtoto mmoja hana pa kukanyaga. Besi inagongana na kiki, ule mdundo mzito wa chini, kila kitu kinafifia, nawe unalala ukiamini kipaji kimekwisha.

Mimi lupu ikinipendeza tu, naizima. Naizima ikiwa bado tamu. Halafu nainakili mara 20 mfululizo. Hizo ni bari 160, yaani dakika 5 na sekunde 20, urefu unaotosha kabisa wimbo wa kuchezwa klabu. Uwe unatengeneza muziki kwa programu ya FL Studio, uwe unatumia Ableton Live, kazi ni ile ile: kuanzia hapo huongezi kitu, unafuta.

Futa spika zikiwa kimya. Nasisitiza hili kwa sababu wengi hawaniamini hadi wajaribu. Tazama kioo cha kompyuta na upange kwa macho. Bari 32 za mwanzo acha kiki na haihati, basi. Ni zaidi kidogo ya dakika moja, na DJ anaihitaji hiyo dakika ili auingize wimbo wako juu ya ule unaomalizika. Kisha besi iingie. Sauti unayoipenda kuliko zote ifiche hadi karibu na bari ya 65. Ukifika kwenye 81, ondoa kiki kwa bari 16. Watu sakafuni watakaa sekunde 32 bila mdundo wa kukanyagia, na ikirudi kwenye 97 miili yao itakuwa ilishaanza kuidai. Bari 32 za mwisho vua kila kitu pole pole, DJ apate mlango wa kutokea.

Sasa washa sauti, simama mbali na kipanya, shika kalamu na karatasi, usikilize tangu mwanzo hadi mwisho bila kusimamisha. Mwili ukipoa, andika dakika na sekunde. Usiandike sababu, ukianza kutafuta sababu utarudi kitini kurekebisha haihati. Ukimaliza utakuwa na sehemu chache zilizolala, na sehemu iliyolala ni kazi unayoiweza usiku huu huu, tofauti na ile hofu ya jumla ya "sina kitu".

Na ikiwa hata lupu yenyewe haiji? Hapo toka nje. Natembea hadi Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaogonga mabati na kutengeneza masanduku, majiko na toroli. Nyundo zao hazianzi pamoja, lakini ukisimama muda kidogo unasikia zinavyojibizana, na jibizano hilo ni mdundo tayari. Nasalimia kwanza: "Habari ya kazi, fundi. Naomba kurekodi nyundo yako kidogo, niitumie kutengeneza muziki." Usirekodi kazi ya mtu kimya kimya kama mwizi. Ukieleza, kuna mafundi wanaokuchagulia wenyewe bati linalolia vizuri.

Simu inatosha. Kinga maikrofoni na upepo kwa kiganja na usiisogeze sana karibu na nyundo, sauti isije ikapasuka. Nyumbani, kata masafa yote yaliyo chini ya Hz 100, yaani sauti nzito kabisa. Huko kuna ngurumo za malori tu, na hiyo nafasi ni ya kiki. Kisha katakata mlio mmoja mmoja. Bati likishushwa nusu ya kasi yake linageuka kengele nzito. Makofi ambayo makanga hupiga kwenye ubavu wa gari, ukiyaweka juu ya mdundo wa pili na wa nne, yanachukua nafasi ya sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, na msikilizaji wa Nairobi atayatambua kabla hajajua ni nini.

Chanzo kingine ni midundo tuliyorithi, na hapa naomba uvumilivu, maana jambo hili linanigusa. Mama yangu ni wa Shinyalu, na isukuti nimeisikia harusini na matangani tangu utoto. Ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zenyewe ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo, na kila moja ina mstari wake. Uzito wote unaousikia unatokana na mistari hiyo kupishana. Kwa hiyo biti ikikataa kusogea, punguza mpaka zibaki sauti tatu, kila moja uipe mstari rahisi ambao mtoto angeupiga, na uhakikishe hazianguki pamoja ila pale mwanzo wa bari. Tafadhali usinyofoe tu kipande cha video ya matanga ya watu ukakiweka chini ya besi. Keti, jifunze mstari wa kila ngoma kwa viganja vyako juu ya meza, ndipo uuandike upya.

Chakacha ya Pwani inafungua mlango mwingine. Hesabu yake inakwenda kwa sita, kiki yetu kwa nne. Badilisha gridi ya programu, ile mistari inayogawa mdundo, iwe ya tatu tatu, weka kayamba hapo juu, kiki ibaki ilivyo. Kiuno kitakwenda upande mmoja na miguu upande mwingine.

Jaribu pia kujinyima. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya besi iitwayo TB-303 mwaka 1981 ili mpiga gitaa awe na besi ya kumsindikiza akiwa peke yake. Wapiga gitaa hawakuikubali, na kufikia 1984 ilikuwa imeacha kutengenezwa. Vijana wa Chicago waliinunua kwa bei ya chini mikononi mwa watu, wakaacha noti zijirudie zile zile huku wakizungusha vitufe vya kichujio, kinachopunguza au kuachia ukali wa sauti, na house ya asidi, aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki, ikazaliwa humo. Hata kichujio cha bure kilicho ndani ya programu yako kinaweza kazi hiyo. Chagua sinthi moja, mstari mmoja wa besi usiobadilika, na urekodi mkono wako ukizungusha kitufe kimoja kwa dakika tano mfululizo. Bila kukatiza. Humo ndani huwa kuna sekunde ishirini ambazo usingeziwaza ukiwa umeketi.

Kuhusu maoni ya watu: usiwaulize. Ukimuuliza rafiki, atasema "iko sawa," na hutajifunza lolote. Mpe hedifoni, ukae unatazama mabega yake na miguu. Binamu yangu hucheza dansi na hana subira na mtu. Nikimpa biti akaanza kuangalia simu kwenye dakika ya tatu, najua dakika ya tatu ina tatizo. Dereva wa matatu unayefahamiana naye ni bora zaidi, kwa kuwa spika zake zitakuonyesha kama besi ina mwili au ni kelele tu.

Stima ikipotea, usikae gizani ukisubiri. Imba besi kwenye simu kwa mdomo. Mstari usioweza kuimbika mara nyingi hauchezeki.

Kuna nyakati kizuizi hakitokani na muziki: umefiwa, kodi imechelewa, hujalala vizuri. Hapo sikulazimishi utunge. Panga faili, yape majina mafaili ya kiki, futa yaliyojirudia, na upunguze sauti ya hedifoni. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa kusikiliza kwa usalama kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na sisi tunaoishi ndani ya hedifoni usiku kucha kwa sababu ya majirani tunaumaliza muda huo upesi sana. Sikio lililoumia halirudi.

Wimbo ukifika bari ya 160, uhifadhi kama faili ya WAV, uandike kasi yake kwenye jina, na umtumie DJ Jumatano au Alhamisi ili apate kuusikiliza nyumbani. Ukimtumia Jumamosi jioni yuko njiani kwenda Westlands, atausikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na mara nyingi atauruka.