Trekta lenye ndoo ya mbele: uzito wa nyuma ndio unaoiokoa ekseli ya mbele

Kubeba samadi kavu kwa ndoo ya mbele ya trekta si tatizo. Tatizo huja masika, ndoo ileile inapochotea mchanga uliolowa: ndoo ya lita 300 hufika kilo 550 hivi, na mzigo wote unaning'inia mbele ya ekseli.

Chukua trekta ambalo kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.1. Kilo 500 zikikaa mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli hiyo haiongezewi 500 bali 857 hivi. Zile 357 za ziada zimenyanyuliwa kutoka magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana bushi za pini ya katikati ya ekseli ya mbele huliwa mapema, sili za kuzuia mafuta zikavuja na usukani ukawa mzito. Hatari kubwa zaidi iko nyuma, kwa sababu matrekta mengi hufunga breki magurudumu ya nyuma tu. Yakiwa mepesi kwenye mteremko wa kushukia bonde la mpunga Pemba, dereva akikanyaga breki magurudumu husimama lakini trekta linaendelea kuteleza.

Wengi hujaza maji tairi za nyuma wakaona yamekwisha. Maji yanasaidia: weka valvu juu kabisa, jaza mpaka usawa wake, kama robo tatu ya tairi, kisha tia upepo. Yawe maji matamu, kwani maji ya bahari au ya kisima chenye chumvi hula rimu. Lakini uzito ulio ndani ya gurudumu hushuka moja kwa moja kwenye ekseli ya nyuma. Mbele haupunguzi hata kilo moja.

Kinachopunguza ni mzigo uliokaa nyuma ya ekseli ya nyuma. Funga kilo 400 kwenye mikono inayobeba plau, mita 1.1 nyuma ya ekseli, na mbele hupungua kilo 210 hivi, nyuma huongezeka 610.

Bonge la zege la sentimita 80 kwa 60 kwa 35 lina karibu kilo 400. Nondo nene ipite upande hadi upande, ncha zake ziwe pini za kufungia, na ichomelewe kwenye nondo za ndani. Pini iliyopachikwa kwenye zege tu itang'oka siku trekta linaporuka shimo. Pini za mikono ya chini huwa milimita 22 kwa trekta dogo na 28 kwa la kati, kwa hiyo pima tundu kwanza. Mwagia zege maji siku 7, uliache wiki 4 ndipo ulinyanyue. Likishafungwa, kaza minyororo ya pembeni lisiyumbe, ulibebe chini. Kitabu cha trekta hutaja kikomo cha kila ekseli na cha mikono ya nyuma. Usikivuke hata kama trekta linaonekana linamudu.

Vyuma vya uzito vinavyofungwa mbele, kwenye pua ya trekta, ni lazima vitoke ndoo inapofungwa, maana vinaionea ekseli ileile unayotaka kuipunguzia. Ndoo ikijaa, ibebe sentimita 30 tu kutoka ardhini, panda mlima kwa mbele, shuka kwa rivasi, ili uzito ushukie magurudumu yenye breki.

Siku ukitoa ndoo uende kuburuga bonde la mpunga la Cheju, Unguja, zege litatoka kuipisha haro. Hapo rudisha vyuma vya uzito vya mbele, kwani haro ikining'inia nyuma, magurudumu ya mbele ndiyo yatakayokosa kushika kinamo.