Masoko ya Krismasi Ujerumani kwa treni za mkoa: usisubiri tarehe 25

Kila Novemba wageni wetu huniuliza swali lilelile: "Dada, Krismasi huku watu wanaenda wapi?" Wengi wamekuja kwa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi au hoteli, na tangu Kenya na Ujerumani zisaini makubaliano ya ajira Septemba 2024 nawaona vijana wengi zaidi kutoka upande huo. Jibu langu halibadiliki: usisubiri Krismasi yenyewe.

Nyumbani Desemba hupamba moto kadiri siku zinavyosogea. Kufikia tarehe 20 mabasi ya Moshi hayana kiti, na tarehe 25 ndiyo kilele, mlango wa kila nyumba uko wazi. Hapa ni kinyume. Sherehe ya hadharani, ya mjini, ya kila anayepita, ni wiki nne za Majilio. Tarehe 24 mchana maduka yanafunga, jioni kila familia inajifungia kwake, na ukitoka nje utakuta barabara tupu. Masoko mengi ya Krismasi hufunga tarehe 23, mengine tarehe 24 mchana. Nimeshaona mtu akipanga safari ya soko siku ya Boxing Day, akafika akakuta mafundi wanabomoa vibanda. Kwa mgeni aliye peke yake siku hizo ni ngumu sana. Ndiyo maana nakuomba uzitumie zile wiki za kabla yake, wakati hata Mjerumani asiyekusalimia kwenye ngazi anasimama nje na kikombe mkononi na yuko tayari kuongea.

Masoko mengi hufunguliwa katika wiki inayoanza Jumatatu baada ya Totensonntag, ile Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, yaani siku chache kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nenda siku ya kazi. Jumamosi jioni hutembei, unasukumwa. Sisi wa shifti tuna bahati hapo: ukiwa na mapumziko ya Jumanne, au umetoka shifti ya asubuhi, panda treni ya saa nane mchana. Saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, taa zote zinawaka, na watu bado ni wachache.

Sasa tiketi. Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na tangu Januari 2026 ni euro 63. Inakubalika kwenye mabasi ya mjini, tramu, S-Bahn (treni za mjini na vitongoji vyake) na treni za mkoa nchi nzima, zile zenye herufi RB na RE. Haikubaliki kwenye treni za masafa marefu, yaani ICE, IC wala EC, na hapo ndipo wengi wetu tunapoumia: treni ya kwanza inayotokea kwenye simu ni ICE, mtu anapanda kwa kujiamini, kisha anakutana na mkaguzi. Kwenye DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli, kuna sehemu ya kuchagua treni za mkoa peke yake. Iwashe kabla hujatafuta chochote. Ukikutwa huna tiketi halali kwenye treni za mkoa, faini inaanzia euro 60.

Kama una Ausbildung au unasoma, usikimbilie bei ya kawaida. Vyuo vingi vina Deutschlandticket ya wanafunzi ndani ya ada ya muhula, na huku jimbo la Baden-Württemberg mwanafunzi wa Ausbildung asiyezidi miaka 26 anapata D-Ticket JugendBW kwa bei nafuu. Na kama mko kundi, watu wanne au watano ambao hawana tiketi za mwezi, chukueni tiketi ya siku ya jimbo: Bayern-Ticket, Baden-Württemberg-Ticket na ndugu zake. Watu hadi watano wanaandikwa kwenye tiketi moja. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, wikendi inaanza usiku wa manane, na zote zinaishia saa tisa alfajiri ya siku inayofuata. Mkigawana, kila mmoja analipa kidogo sana. Andikeni majina yote kwenye tiketi kabla ya kupanda. Watoto wasiofika miaka 6 hawalipi.

Ningekushauri uanzie miji miwili midogo iliyo pembeni ya Stuttgart, ambako mimi huwapeleka wageni wangu. Esslingen iko kama robo saa kwa S1, laini mojawapo ya S-Bahn. Kutoka stesheni unatembea dakika kumi tu, mara umeingia mji wa nyumba za zamani za mbao na plasta, na katikati yake soko la mtindo wa zama za kati. Wauzaji wamevaa kanzu nzito za sufu na ngozi. Mhunzi anapiga chuma kwelikweli, mvukuto unapuliza, cheche zinaruka. Wengine watakutajia bei kwa "Taler", maana yake euro, usishtuke. Mwaka juzi nilimpeleka mama mmoja wa Kigoma aliyekuja kumtembelea mwanawe. Alisimama mbele ya mhunzi yule hadi miguu ikaganda, akaniambia baba yake alifua majembe kwa mvukuto wa ngozi ya mbuzi, akaanza kunionyesha kwa mikono jinsi unavyopishana kulia na kushoto. Mhunzi alimwona, akampungia, na wakaelewana wao wawili bila mkalimani.

Giza likiingia, rudini Stuttgart mbadilishe S4 au S5 kwenda Ludwigsburg, robo saa nyingine. Hapo kuna uwanja mkubwa wa mraba wenye makanisa mawili yanayotazamana, la Kiprotestanti upande mmoja na la Kikatoliki upande wa pili, na juu ya vibanda wamesimamisha malaika wa taa wenye mabawa yaliyotandazwa. Ludwigsburg mchana ni soko la kawaida. Usiku, ukiinua macho chini ya yale mabawa, unanyamaza. Kwa hiyo Esslingen kwanza, Ludwigsburg baadaye, usigeuze. Soko la Stuttgart lenyewe ni zuri, na paa za vibanda vyake zimepambwa kuliko kwingine kokote nilikofika, lakini liachie siku yake. Miji mitatu kwa siku moja ni kukimbizana na saa.

Walio upande wa mto Rhein hawahitaji kwenda mbali. Köln soko liko chini ya kanisa kuu, na kanisa kuu liko mlangoni mwa stesheni, hata mwenye mtoto mgongoni na mwingine kwenye kigari hachoki. Bonn ni kama nusu saa kwa treni ya mkoa, soko lipo dakika chache kutoka stesheni. Aachen ni karibu saa moja kutoka Köln, na huko ununue Printen, biskuti zao ngumu za viungo. Harufu yake ina mdalasini na karafuu, na kwa mtu wa Unguja au Pemba karafuu haihitaji maelezo.

Nürnberg ndiyo kila mtu anaitaja. Soko lake, Christkindlesmarkt, liko Hauptmarkt, kama robo saa kwa miguu kutoka stesheni, na paa zake ni vitambaa vyenye mistari myekundu na myeupe. Hufunguliwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, msichana aliyevaa mavazi ya dhahabu akisoma shairi kwenye baraza ya kanisa la Frauenkirche. Siku hiyo usiende, hutaona kitu zaidi ya migongo ya watu. Nenda katikati ya wiki ya pili, utafute Zwetschgenmännle, vijitu vidogo vilivyotengenezwa kwa matunda makavu ya plamu. Kutoka München treni ya mkoa inachukua chini ya saa mbili.

Dresden ina Striezelmarkt, soko lililoanza mwaka 1434, na mkate wake mtamu wa Stollen. Waislamu wajue kwamba zabibu za Stollen mara nyingi hulowekwa kwenye ramu. Strasbourg, ambako soko limekuwepo tangu 1570, iko Ufaransa, ng'ambo tu ya mto. Deutschlandticket inaishia Kehl, mji wa mpakani upande wa Ujerumani. Hapo unakata tiketi ya tramu D, unavuka daraja la Rhein, umefika. Lakini chukua pasipoti pamoja na kadi ya kibali cha kukaa. Ujerumani imekuwa ikikagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na picha ya pasipoti kwenye simu haikusaidii. Mimi nazibeba zote mbili hata nisipovuka mpaka.

Ukifika kibandani, kitu cha kwanza kitakachokuchanganya ni kikombe. Umeona kinywaji kimeandikwa euro 4 na nusu, unaambiwa 8 na nusu. Hujaibiwa. Zile nne za ziada ni Pfand, dhamana ya kikombe. Ukikirudisha unarudishiwa pesa yako, na kama umepewa na kipande cha plastiki cha mviringo, rudisha vyote viwili. Ukikipenda kikombe, kaa nacho, umeshakilipia. Kabatini kwangu nina cha kila mwaka tangu nifike, na kile cha mwaka wa kwanza kina ufa, lakini hakitupwi.

Glühwein ni mvinyo uliochemshwa na viungo. Usiyekunywa pombe sema "Kinderpunsch, bitte", ni juisi ya moto yenye viungo vilevile, na watu wazima wanakunywa bila aibu yoyote. Jihadhari na neno "mit Schuss": maana yake wameongeza pombe kali. Eierpunsch nayo ina pombe, hata kama inaonekana kama maziwa ya mtoto. Upande wa chakula, soseji nyingi ni za nguruwe, na Flammkuchen ya kawaida ina vipande vya nguruwe juu. Schmalz ni mafuta ya nguruwe. Wanaupaka kwenye mkate, na kwa macho unafanana na siagi ya kawaida kabisa. Uliza: "Ist da Schweinefleisch drin?", yaani humu mna nyama ya nguruwe? Kinachonipendeza mimi ni Reibekuchen, viazi vilivyokunwa na kukaangwa hadi kingo zinakuwa kahawia na kukwaruza ulimini. Wao wanakula na rojo la tufaha. Mimi hubeba pilipili ya kusaga kwenye kichupa, na muuzaji mmoja wa Esslingen sasa ananijua, kila mwaka anaiomba aonje. Kuna pia Maroni, njugu za kizungu za kuchoma. Zikiwa kwenye mfuko wa karatasi ndani ya koti, zinapasha mkono vizuri kuliko glavu.

Beba pesa taslimu, noti ndogo na sarafu. Vibanda vingi bado vinaandika "Nur Barzahlung", na sarafu utazihitaji chooni. Choo cha ndani ya treni ya mkoa hakilipiwi, kwa hiyo kitumie kabla ya kushuka, hasa ukiwa na watoto. Begi kubwa liache kwenye kabati za kukodi stesheni. Kisu, hata kile cha kumenyea matunda, kiache nyumbani: sheria ya Oktoba 2024 inakataza visu kwenye masoko na sherehe za hadharani.

Nguo nitasema kwa ufupi, maana kila mtu atakushauri. Baridi ya sokoni inaingilia miguuni, kwa sababu umesimama. Soksi mbili, moja ya sufu, na kiatu chenye soli nene. Koti zuri na raba nyembamba ni kazi bure.

Jambo moja la treni ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba treni hukatwa. Behewa za mbele zinaenda mji huu, za nyuma zinaenda mji mwingine, na zote ziliondoka pamoja kwenye laini moja. Mwaka wangu wa pili tulikuwa wanne, tukitoka sokoni usiku, tumekaa nyuma tunapiga soga. Tangazo likapita, hatukulisikiliza. Treni ikasimama muda mrefu, ikaendelea, na baada ya dakika ishirini tukaanza kuona majina ya vijiji tusivyovijua. Tulishushwa kwenye kituo chenye taa moja na benchi la chuma, theluji inadondoka, na treni ya kurudi ilikuwa baada ya saa nzima. Kiatu changu kilikuwa raba. Siku hizi nasoma ubao ulio ubavuni mwa behewa langu, siyo ule wa kituoni peke yake, na nikisikia neno "geteilt" (imegawanywa) au "Zugteil" (sehemu ya treni) nanyamazisha kila mtu.

Treni za mkoa huchelewa na kufutwa, jioni zaidi. Kabla hujaingia sokoni, piga picha ya ratiba ya kurudi: treni unayoitaka, na mbili zinazofuata. Panga kurudi na ile ya kabla ya mwisho, kamwe siyo ya mwisho. Ukiona "Schienenersatzverkehr", ujue ni basi badala ya treni, na kituo chake huwa nje ya stesheni, pengine upande usioutegemea, kwa hiyo jipe dakika kumi zaidi. Ikiwa ulinunua tiketi ya ICE ya bei nafuu na umefika umechelewa saa moja au zaidi, una haki ya kurudishiwa robo ya nauli, na nusu ukichelewa saa mbili. Dai. Fomu inajazwa kwenye programu ileile uliyonunulia.

Kabla sijasahau: Deutschlandticket ni mkataba unaojirudia wenyewe kila mwezi. Kama umeichukua kwa ajili ya Desemba tu, ikatishe kabla tarehe 10 Desemba haijapita. Tarehe 11 umeshalipa na Januari.