Namna ya kusoma kadi ya kriketi ili umwone mchezaji anayesahaulika

Tafuta kadi kamili ya mechi, yaani jedwali la takwimu za kila mpigaji na kila mrushaji. Muhtasari hutaja aliyefunga mikimbio (alama za kriketi) mingi tu, na wachezaji wanaofanya kazi ngumu kimya kimya hupotelea hapo hapo.

Anza na safu ya mipira aliyokabili kila mpigaji, si ya mikimbio. Gawa kwa 6 upate ova, kwani ova moja ni mipira sita ya mrushaji. Chukua mechi ya Testi (mchezo mrefu wa siku hadi tano) ya Brisbane, Januari 2021, India ikiifukuzia Australia mikimbio 328. Sifa zilimwendea Rishabh Pant, 89 bila kutolewa, na kwa haki. Sasa mtazame mwenzake, Cheteshwar Pujara: mikimbio 56, mipira 211. Ni zaidi ya ova 35 alizozibeba mtu mmoja, mipira ikimgonga kofia, mbavu na vidole.

Mpira mpya ni mgumu, unang'aa, hupinda hewani na kudunda juu. Ukishachakaa hulainika, na warushaji nao wamechoka. Katika Testi mpira mwingine mpya hauruhusiwi mpaka ova 80 zipite, kwa hiyo anayesimama muda mrefu huwaachia wenzake mpira mzee. Linganisha basi wakati alioingia na aliotoka: Pujara alitolewa na mrushaji wa Australia, Pat Cummins, mara tu mpira mpya wa pili uliposhikwa. Kabla ya hapo, yeye na mpigaji mwenzake Shubman Gill walikuwa wamejenga mikimbio 114 pamoja. Gill alipata uhuru wa kupiga kwa sababu upande wa pili palikuwa na ukuta.

Kwa mrushaji, hesabu ova zisizotoa mkimbio hata mmoja. Mpigaji aliyebanwa na ova hizo hukosa subira, akaenda kumpa wiketi (yaani kutolewa na) mrushaji wa upande mwingine.

Wakenya wana mfano wao: Nairobi, Februari 2003, Sri Lanka ilipofungwa kwa mikimbio 53. Kila mtu anakumbuka wiketi 5 za mrushaji Collins Obuya. Soma ukurasa wa kwanza wa kadi: katika mikimbio 210 ya Kenya, 60 ni ya Kennedy Otieno, mmoja wa wapigaji wawili wa kwanza.

Kosa kubwa ni kupeleka kipimo hiki kwenye T20, kriketi fupi ya ova 20 kwa kila timu. Timu ina mipira 120 tu, na mpigaji anayekula 40 kwa mikimbio 30 huwa anaiumiza. Hata kwenye Testi, wenzake wakitolewa mmoja mmoja kwa kulazimika kuharakisha, upole wake ulikuwa mzigo.