Somo: Namna ya kuandikisha shamba lililosombwa na mafuriko ili usikose msaada wa serikali

Kila mvua ikizidi naulizwa swali lile lile, kwa hiyo leo naliandika mara moja. Nawalenga wenzangu wa Kasese, Uganda, hasa wanaolima kando ya Nyamwamba, mto uliotutesa 2013 na tena 2020. Walio Bududa na Bulambuli watafuata ngazi hizo hizo.

1. Mjulishe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

2. Piga picha kabla hujalima upya. Mti au nyumba ya jirani ionekane ndani ya picha.

3. Waombe mkuu wa parokia (parish chief wa serikali, si wa kanisa) na afisa kilimo wa gombolola (sub-county) wafike shambani.

4. Kagua jina lako na namba ya kitambulisho KABLA orodha ya walioathirika haijaondoka kijijini. Hapa ndipo watu wanapoumia. Sisi Wakonzo tunaitana kwa mpangilio wa kuzaliwa, basi kijiji kimoja kina akina Bwambale na Masika wasiohesabika. Kinachokutenga na wenzako ni NIN, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, herufi na tarakimu 14, ikianza na CM kwa mwanamume au CF kwa mwanamke. Isome mwenyewe kwenye orodha, moja moja, kidole juu ya karatasi. Sifuri ikiandikwa kama herufi O, huyo si wewe tena. Na laini ya simu unayoandikisha iwe imesajiliwa kwa jina lako, si la mtoto wala shemeji. Ukikuta kosa, lisahihishwe papo hapo. Orodha ikishafika wilayani, kuifuata ni kazi.

5. Orodha hutoka gombolola, huenda kamati ya maafa ya wilaya, kisha Ofisi ya Waziri Mkuu. Baki na nakala yenye muhuri.

Tafadhali, usimpe mtu hela ili akuandike. Na msaada si lazima uwe pesa: mara nyingi ni unga, maharage, blanketi au mabati.

MASWALI

Mkulima wa Bwera: Pesa zinaingia lini?
Jibu: Soma tena mstari wa mwisho wa somo.

Kijana wa Hima: Nimeshalima upya, picha sina. Nitumie ya jirani?
Jibu: Hapana. Ukibainika, mtafutwa wote wawili. Tafuta mashahidi, mwenyekiti awaandike.

Mama wa Kilembe: Shamba nimekodi. Mwenye ardhi anasema msaada ni wake. Nifanyeje?
Jibu: Asante mama, hili linawahusu wengi. Wewe andikisha mazao, yeye aandikishe ardhi. Nenda na mkataba. Kama mlipatana kwa mdomo tu, mwombe mwenyekiti awaite nyote wawili, aandike barua mbele yenu, msaini. Taja zao na ukubwa wa eneo: mahindi nusu eka, maharage robo eka. Usiandike "shamba" tu.

Kijana wa Hima: Kwa hiyo hakuna njia ya mkato?
Jibu: Hakuna.

Mama wa Kilembe: Na msimu ujao tujikinge vipi?
Jibu: Ulizia bima ya kilimo. Tangu 2016 serikali huchangia malipo yake: nusu kwa mkulima mdogo, na asilimia 80 kwa maeneo yenye maafa ya mara kwa mara. Bima inakatwa kabla ya msimu, maji yakishaingia umechelewa. Nendeni kama kikundi, na muulize kwanza kama mafuriko yamo kwenye mkataba.