Somo: Kuhesabu kinyonga wa Magombera usiku kwa ajili ya tathmini ya hadhi yake

Kinyonga huyu, ambaye kwa jina la kisayansi ni Kinyongia magomberae, alijulikana kwa sayansi kwa njia isiyotarajiwa. Mtafiti Andrew Marshall alikuwa katika msitu wa Magombera, bonde la Kilombero, alipomkuta nyoka akimla kinyonga. Nyoka akashtuka, akamtema na kukimbia. Maelezo rasmi yalichapishwa mwaka 2009, na jina la jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, Kinyongia, limetokana na neno letu wenyewe, kinyonga.

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, amewekwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Wengi hudhani hadhi hiyo hutokana na idadi ya wanyama waliohesabiwa, kumbe kwa viumbe wa aina hii kinachopimwa zaidi ni makazi: eneo la kuenea lisilofika kilomita za mraba 5,000, sehemu anamoishi zisizozidi 5, na msitu unaoendelea kupungua au kudhoofika. Kwa hiyo hesabu yenu ya usiku ina thamani pale tu inapoonyesha mahali halisi alipo na mahali asipokuwapo.

Hatua ya kwanza ni kibali. Tangu mwaka 2019 Magombera ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na hakuna anayeingia usiku bila ruhusa. Nendeni na askari wa hifadhi, kwa sababu tembo nao huutumia msitu huo.

Hatua ya pili hufanyika mchana. Chagueni njia yenye urefu wa mita 200, mfunge utepe kila baada ya mita 10, kisha mwandike mnachokiona pembeni: visiki vibichi, mabaki ya tanuri la mkaa, mahali palipopita moto, mahali ambapo kamba za msituni zimeifunika miti. Mambo hayo ndiyo yanayoeleza kama makazi yanapungua, na usiku hamtayaona.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Anzeni kama saa mbili usiku, kinyonga akiwa amekwisha kulala. Hulala kwenye ncha ya kijiti chembamba, mkia ameuviringisha, na rangi yake huwa imefifia kiasi kwamba mwanga wa tochi ukimpiga huonekana kama jani lililopauka katikati ya majani mabichi. Shikeni tochi karibu na jicho, si kiunoni, ili mwanga unaorudi ufuate mstari wa macho yenu. Tembeeni polepole mno. Mara nyingi nimempita kinyonga nikienda, nikamwona nikirudi, kwa sababu upande wa pili jani halikumkinga. Mkimpata, msikivunje kijiti wala msimwamshe. Pimeni kwa futi ya utepe umbali kutoka katikati ya njia hadi alipo, kadirieni urefu kutoka ardhini, mpigeni picha ya ubavuni inayoonyesha pua vizuri, kwa kuwa kipembe kifupi cha dume husaidia kumtambua, kisha mwondoke.

Hatua ya nne ni kuandika, nami naisisitiza kuliko zote. Andikeni tarehe, muda wa kuanza na kumaliza, idadi ya watafutaji, na urefu wa njia, hata usiku ambao hamkuona kinyonga hata mmoja. Daftari lenye siku za mafanikio peke yake humdanganya mtathmini, kwani humfanya aamini kuwa kinyonga yupo kila mahali mlipokanyaga.

Maswali ya washiriki

Mshiriki kutoka Ifakara: Shikamoo Mwalimu. Kwetu wazee wanasema kinyonga ana sumu. Je, tuvae glavu?

Marahaba. Kinyonga hana sumu. Hata hivyo hamna sababu ya kumshika, kwa hiyo glavu hazihitajiki.

Mshiriki kutoka Mang'ula: Tukiwapata wengi kwa usiku mmoja, atashushwa daraja la hatari?

Hapana, ndugu yangu. Kanuni za IUCN zinataka vigezo vya daraja la juu viwe havijatimia kwa miaka 5 au zaidi ndipo kiumbe ahamishiwe daraja la chini. Usiku mmoja mzuri hauongezi hata hekta moja ya msitu.

Mshiriki kutoka Morogoro: Je, tuweke picha pamoja na mahali kwenye mitandao?

Picha wekeni, mahali kamili wapeni hifadhi tu. Vinyonga wote wa jenasi hii wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea pori, kwa sababu biashara yao inahitaji kudhibitiwa, na ingawa Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, mkamataji bado anaweza kufuata ramani mliyomchorea.

Mshiriki kutoka Muheza: Sisi tuko karibu na Amani. Utaratibu huu utatufaa?

Utawafaa, mkianza na kibali cha hifadhi ya huko vilevile. Tofauti ni kwamba Usambara Mashariki mna pia vinyonga wadogo wa jenasi Rhampholeon, ambao wengi wao hulala chini, kwenye vichaka na miche. Mmoja wenu amulike juu, na mwingine aishushe tochi hadi usawa wa magoti.