Makao ya wazee: rudi tena bila taarifa

Ukimtafutia mzazi makao ya kutunzwa, usiridhike na ziara ya mchana uliyopangiwa. Rudi bila taarifa, jioni wakati wa chakula au Jumapili, maana mara nyingi hapo ndipo wahudumu huwa wachache. Uliza waziwazi: zamu ya usiku ina watu wangapi, na kwa wazee wangapi? Wakizungukazunguka, hilo nalo ni jibu.

Kisha kaa tu, utazame. Glasi ya maji iko karibu na mzee, au imewekwa asikoifikia? Uzeeni kiu hupungua, na mwili ukikosa maji mtu huchanganyikiwa, hata akaanguka. Kengele ya kuita ikilia, hesabu dakika. Nilipokuwa nikimtafutia mama nafasi, nilikaa ukumbini mahali fulani kengele ikalia karibu robo saa, wahudumu wakipita tu mlangoni. Sikurudi pale.

Asiyeweza kujigeuza kitandani lazima ageuzwe mara kwa mara, la sivyo atapata vidonda vya kulalia. Waombe wakuonyeshe wanapoandika saa za kugeuza. Dawa vilevile: nani anazitoa, na dozi ikirukwa nani anaarifiwa?

Kama kuna ripoti za ukaguzi, soma za miaka kadhaa, si ya mwisho peke yake. Kosa linalojirudia ndilo la kuogopa. Na kwenye mkataba tafuta kifungu kinachosema ni lini wanaweza kumtoa mzee hali yake ikizidi kudhoofika.